Usukani si Haramu kwa Mwenye Gari

Imekuwa ada katika miji yetu, tangu Dar es Salaam hata Mombasa na tangu Mwanza hata Nairobi, kwamba mtu akisema amekusudia kubadili kwa mikono yake mwenyewe tairodi endi iliyolegea ya gari lake, hukemewa na jamaa na majirani kwa ukali asioupata mwenziwe anayebadili betri, plagi, mafuta ya injini au hata pedi za breki. Huambiwa kwamba usukani ndio roho ya gari, na roho haichezewi. Kwamba kazi hiyo ina wenyewe, nao ni mafundi wa gereji. Na kwamba asiyekula kwa ufundi akiligusa fungu hilo la gari amejiandikia ajali yeye na wanawe. Rai hii imekita mizizi hata haidaiwi tena ithibati, na hupokewa na wasomi na wasiosoma kwa namna moja. Madhumuni ya makala haya ni kuidai ithibati hiyo, na kuonyesha kwamba haipo. Tena kuonyesha kwamba rai yenyewe, ingawa hutoka katika vinywa vya watu wenye huruma, huzaa hatari ileile inayodai kuikinga.

Insafu yataka hoja za upande wa pili zitajwe kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa. Wasemao usukani usiguswe nyumbani wana hoja nne. Ya kwanza ni kwamba kiungo cha usukani kikichomoka barabarani watu hufa, na kwa hiyo hakifai kukabidhiwa mkono usiozoea. Ya pili ni kwamba mwenye gari hana vyombo wala utaratibu wa kazi. Ya tatu ni kwamba anayejifanyia kazi hiyo humnyang'anya fundi riziki yake. Ya nne ni kwamba baada ya kubadili viungo hivyo magurudumu huhitaji kupimwa kwa mashine, na mashine haiko uani kwa mtu. Hakuna hata moja kati ya hoja hizi iliyo ya kipuuzi, na kila moja yastahili jibu lake.

Na tukijue kwanza kitu chenyewe, maana hofu hustawi mahali ambapo maarifa hayajafika. Katika magari mengi madogo tunayoyaendesha, ambayo aghalabu yameletwa kutoka Japani baada ya kutumika huko, dereva akizungusha usukani, mhimili wake hushuka hadi kwenye gia ndogo iitwayo pinioni, nayo huusukuma mtaimbo wenye meno uitwao raki kwenda kushoto au kulia. Katika kila ncha ya raki imefungwa rakendi, ambayo kiungo chake kimefunikwa kwa buti la mpira lenye mikunjo. Na katika ncha ya nje ya rakendi imeingizwa kwa skurubu tairodi endi, kichwa cha chuma chenye tufe ndani yake, na kutoka katika tufe hilo hutokeza msumari mnene shinani na mwembamba nchani, unaopenya tundu la mkono wa gurudumu, ukakazwa kwa nati moja, na nati hiyo ikazuiwa isilegee kwa kotapini moja. Kanuni ya kuyakatisha kona magurudumu mawili ya mbele kwa pembe zinazotofautiana, la ndani likate zaidi ya la nje, ilibuniwa na Georg Lankensperger wa Munich kwa ajili ya magari ya farasi, na hataza yake ikasajiliwa London na Rudolph Ackermann mwaka 1818. Ni kanuni kongwe kuliko injini ya petroli, na viungo vinavyoitimiza ni katika sehemu zilizo nyepesi kabisa kueleweka ndani ya gari lote: fito, matufe, nati na mpira, ambavyo mtu mwenye akili timamu aweza kuviona, kuvishika na kutambua kazi yake kabla jua la asubuhi halijawa kali.

Nirudi kwenye hoja ya kwanza. Kwamba tairodi endi ikichomoka katika mwendo gurudumu hufuata njia yake, na dereva akawa hana amri tena juu yake, ni kweli isiyokanushika. Lakini tairodi endi hufikaje huko? Aghalabu haifiki kwa siku moja. Buti lake la mpira hupasuka kwa jua, kwa jiwe au kwa uzee. Grisi ikavuja, vumbi na maji ya mvua vikaingia. Mchanga ukasaga tufe na kitako chake, hata pakapatikana nafasi pasipostahili kuwa na nafasi. Usukani ukaanza kuchezacheza mkononi, mgongano ukasikika kwenye matuta na mashimo, na tairi likaanza kulika upande mmoja kuliko mwingine. Hii ni safari ndefu, aghalabu ya miezi, na kiwezacho kuikatiza ni jicho linalojua kutazama. Mtu akinyanyua gurudumu la mbele, akalishika kushoto na kulia, akalitikisa, na likacheza mkononi, ajue kwamba tairodi endi au rakendi imeanza kuchoka. Akilishika juu na chini, likacheza, ashuku boljointi au beringi. Uchunguzi huo hauhitaji cheti wala ujira. Walakini ni wangapi kati yetu waufanyao, ikiwa tumefunzwa tangu siku ya kununua gari kwamba huko chini si kwetu? Fundi huliona gari linapopelekwa kwake, ilhali mwenye gari huwa nalo kila siku. Aliyeshika mkononi tairodi endi mpya, akahisi jinsi msumari wake unavyogeuka kwa ukinzani ulio sawasawa, kisha akashika ile kuukuu inayotikisika ovyo, hatasahau tofauti hiyo, na wala hatapuuza tena mgongano anaousikia. Rai inayomkataza kushika humkataza kujua. Na asiyejua huendelea kuendesha mpaka kiungo kimwache njiani. Hivyo ndivyo huruma ya majirani inavyogeuka kuwa mlango wa msiba.

Wala mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Katika zama za malori ya Bedford, viungo vya magari vilikuwa na nipo za grisi, na ilikuwa wajibu wa dereva au utingo wake kuingia chini na bomba la grisi kila ulipotimia muda uliowekwa. Hakuna aliyemhesabu mtu huyo kuwa amevuka mpaka wake. Kuingia kule kulikuwa na faida mbili: grisi mpya ilisukuma nje uchafu wa kale, na jicho la mwanadamu lilipita mara kwa mara mbele ya kila nati na kila kiungo. Viwanda vilipoleta viungo vilivyozibwa moja kwa moja, visivyohitaji kutiwa grisi, faida ya kwanza ilihifadhiwa ndani ya kiungo chenyewe, na ya pili ikapotea bila ya mtu kuililia. Hapakuwa na ajali kubwa wala hukumu ya wataalamu iliyowatoa wenye magari chini ya magari yao. Ni mazoea tu yaliyokufa, kisha watu wakayapa mauti yake jina la busara.

Hoja ya pili ni ya vyombo na utaratibu, nayo hujibiwa kwa kuutaja utaratibu wenyewe. Gari husimamishwa mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ikakazwa, magurudumu ya nyuma yakawekewa kabari. Nati za gurudumu hulegezwa kidogo lingali chini. Kisha jeki hunyanyua na stendi ikapokea uzito, kwa kuwa jeki ni ya kunyanyulia wala si ya kutegemewa, na aingiaye chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake amevunja sharti la kwanza kabla hajaanza kazi. Gurudumu likitolewa, nyuzi husafishwa na kutiwa mafuta ya kulegeza kutu, pakatiwa alama ya rangi mahali ilipokaa loki-nati iifungayo tairodi endi kwenye rakendi, nayo ikalegezwa. Kotapini huchomolewa na kutupwa, maana haitumiki mara ya pili. Nati ya msumari hulegezwa bila ya kuondolewa kabisa. Kisha pula hufungwa na kukazwa hadi msumari uachie kwa mlio mkavu. Asiye na pula hulipiga nyundo sikio la mkono wa gurudumu kwa ubavu, wala si ncha ya msumari, ili mshindo uvunje mshikamano. Tairodi endi kuukuu hufunguliwa kwa kuhesabu mizunguko, na mpya huingizwa kwa hesabu ileile.

Hapo ndipo uangalifu unapotakikana zaidi. Msumari na tundu lake hupanguswa vikauke, pasitiwe mafuta wala grisi, kwa kuwa mbano wa chuma kwa chuma katika umbo lile la koni ndio ubebao kazi, na nati ni mlinzi wa mbano huo. Nati hukazwa kwa spana ya kupimia mpaka kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha matengenezo cha gari hilohilo. Na ikiwa tundu la kotapini halijalingana na mfuo wa nati, nati huongezwa kukazwa hadi vilingane, hairudishwi nyuma abadani. Kotapini mpya hupitishwa na ncha zake zikakunjwa, loki-nati hukazwa, gurudumu hurudishwa, na nati zake, baada ya gari kushushwa, hukazwa kwa kipimo chake, ambacho katika Toyota ndogo nyingi ni Nm 103. Jeki, stendi mbili, spana, nyundo, pula na spana ya kupimia: hivyo ndivyo vyombo vikuu vya kazi hii, na majirani wakichangiana hakuna mmoja wao atakayelemewa na gharama. Kinachodaiwa kuwa siri ya wateule, kumbe ni mpango wa hatua zinazofuatana, ambao kila mwenye kusoma na kuhesabu aweza kuushika, mradi asiruke hatua.

Sasa na tuilinganishe kazi hiyo na ile tunayoilipia. Sina haja ya kuwavunjia mafundi heshima. Wapo Gerezani jijini Dar es Salaam, wapo katika vichochoro vya Kirinyaga Road jijini Nairobi, na wapo chini ya miembe ya kila mji, mabingwa ambao mikono yao inajua zaidi ya vitabu vingi. Lakini rai ninayoipinga haisemi kwamba bingwa ni bora. Yasema kwamba yeyote aitwaye fundi ni salama, na yeyote asiyeitwa hivyo ni hatari. Hilo ndilo lisilosimama. Ni nani kati yetu asiyeona waya uliopindwa mahali pa kotapini, nyuzi za msumari zilizosagika kwa nyundo, nati iliyorudishwa nyuma ili tundu lionekane, au kifuniko cha tairodi endi iliyolegea kikigongwa kwa nyundo ili tufe libane kwa wiki chache, kisha mwenye gari akaambiwa kwamba imepona? Makosa hayo hayatokani na mikono isiyozoea. Hutokana na haraka ya mtu mwenye magari mengi yanayomngoja, na mteja asiyejua la kuuliza. Mwenye gari ana gari moja tu, ana Jumamosi nzima, na kesho yake ndiye atakayekaa nyuma ya usukani huo pamoja na mkewe na watoto. Ikiwa dhamana ni kule kujali matokeo, hakuna mwenye dhamana kubwa kuliko yeye. Hata sheria haimwangalii vinginevyo: Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutumika barabarani, na askari alisimamishapo gari hilo, dereva ndiye anayejibu. Tumekubali kwamba lawama ni ya mwenye kuendesha. Basi kwa insafu ipi tunamnyima maarifa ya kitu anacholaumiwa kwacho?

Hoja ya tatu, ya riziki ya fundi, ndiyo inayogusa moyo, na kwa hiyo ndiyo inayotakiwa kupimwa kwa utulivu zaidi. Mahali ambapo mteja hawezi kutofautisha kazi njema na kazi mbovu, wote wawili hulipwa ujira mmoja, au tuseme kweli, mbovu hushinda, kwa sababu ni rahisi na ni ya upesi. Fundi mwaminifu, anayesema kwamba tairodi endi ya pili nayo imekwisha na kwamba kotapini lazima iwe mpya, huonekana kuwa mlafi. Mwenziwe anayegonga kifuniko kwa nyundo huonekana kuwa rafiki. Ujinga wa mteja ndio adui wa fundi bora. Mtu aliyewahi kubadili kiungo kimoja kwa mkono wake hujua ugumu wa kazi, hujua thamani ya uangalifu, na siku atakapokuwa na kazi inayozidi uwezo wake, atamtafuta fundi mwaminifu na kumlipa haki yake bila ya manung'uniko, kwa kuwa anafahamu anacholipia. Elimu ya mwenye gari haimtoi fundi mwema sokoni. Humtoa ayari peke yake.

Hoja ya nne ni ya vipimo, na hapa nakubali sehemu yake kwa moyo mweupe. Kuhesabu mizunguko hakutoshi. Chukua tairodi endi ambayo uzi wa skurubu yake hutembea milimita 1.5 kwa mzunguko, na mkono wa gurudumu wenye urefu wa sentimita 13: kosa la mzunguko mmoja hubadili pembe ya gurudumu kwa theluthi mbili hivi za digrii moja. Dereva akinyoosha usukani ili gari liende sawa, magurudumu mawili ya mbele hugawana kosa hilo, na kila tairi likawa linaburutwa kwa ubavu zaidi ya mita 5 katika kila kilomita moja. Matairi mapya yataliwa kabla ya wakati wake, na gari halitatulia. Kwa hiyo anayebadili viungo nyumbani na alipeleke gari kwa mwendo wa pole, kwa njia ya karibu, likafanyiwe alaimenti kwa mashine, tena asiahirishe. Lakini hoja hii ina udhaifu usioonekana na wanaoitoa: fundi wa gereji naye huhitaji kipimo hichohicho. Gereji nyingi hazina mashine hiyo, nazo humwelekeza mteja aende kwingine kupima. Ikiwa haja ya alaimenti haibatilishi kazi ya fundi asiye na mashine, haiwezi kuibatilisha kazi ya mwenye gari asiye nayo.

Pamoja na hayo, utetezi usio na mipaka ni ghururi, na mimi siutetei. Raki yenyewe, mhimili wa usukani, mota ya usukani wa umeme, na chochote kinachogusana na mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani, viachiwe wenye vyombo na mafunzo yake. Maana usukani uliotenganishwa na raki ukazunguka ovyo waweza kukata utepe wa nyaya ulio chini yake, na mfuko wa hewa ni chombo kinacholipuka. Boljointi iliyoshindiliwa ndani ya mkono wake hutaka mashine ya kushindilia. Gari lililogonga na kupinda fito lichunguzwe na mjuzi. Asiye na stendi asianze; asiye na kotapini mpya asimalize. Mipaka hii haiidhoofishi hoja yangu, bali ndiyo inayoipa nguvu, kwa sababu ni mipaka iliyowekwa na tabia ya vitu vyenyewe, ilhali ule mpaka wa majirani umewekwa na hofu.

Na spea je? Wasemao kwamba bidhaa za kughushi zimejaa madukani wanasema kweli, lakini wanasema hoja yangu. Mikebe na visanduku huigwa, hata vile vyenye namba 555 za kampuni ya Sankei ya Japani ambavyo kila dereva anavijua. Mwenye gari anayemtuma fundi akanunue hupokea kilichokwisha kufungwa, wala hataona kamwe kilichotoka kisandukuni. Anayekwenda mwenyewe na kiungo cha zamani mkononi hulinganisha urefu, unene wa uzi na umbo la koni. Hugeuza msumari kuhisi ukinzani. Hutazama buti kama limekaa sawa na kama mhuri wa chuma ni safi. Hayo hayamkingi na kila hadaa, ila humkinga na nyingi zaidi kuliko kutokuwapo kwake.

Basi tunachopaswa kukibadili si sheria wala desturi ya heshima kwa mafundi, bali ni mafunzo. Shule za udereva, ambazo humfundisha mwanafunzi kutazama vioo na alama za barabarani, zimfundishe pia kulitikisa gurudumu lililonyanyuliwa na kutambua buti lililopasuka, kwani ni somo la saa moja na faida yake ni ya umri mzima. Vyuo vya VETA, ambavyo vimekusudiwa kueneza stadi za kazi kwa wananchi, vifungue milango yake jioni na siku za mapumziko kwa wenye magari wasiokusudia kuwa mafundi, wafundishwe matumizi ya stendi, pula na spana ya kupimia mbele ya mwalimu. Wauzaji wa spea wasitoe tairodi endi bila ya kotapini na nati yake mpya. Nasi jamaa na majirani, tumwonapo mtu ameinama ubavuni mwa gari lake, tuache kumwuliza ni nani aliyemruhusu. Tumwulize kama stendi imebeba uzito, kama nati imekazwa kwa kipimo, kama kotapini ni mpya, na kama ameagana na wenye mashine ya alaimenti. Akijibu maswali hayo manne kwa ndiyo, kazi yake ni salama kuliko nyingi tunazozilipia. Na akishindwa kujibu hata moja, na aiache kazi; fundi naye akishindwa kulijibu, tumnyime gari letu vivyo hivyo. Mwenye haki ya kuugusa usukani ni yule anayefuata utaratibu wake hatua kwa hatua, awe analipwa kwa kazi hiyo au ni mwenye gari.